Kumjua Unayemuuzia

Ukipanda kilima cha Naguru, mjini Kampala, ukaangalia bondeni, utaona mapaa ya aina mbili: mabati ya rangi, na vigae vya udongo vilivyofifia kwa jua na mvua. Ukiuliza vigae hivyo vinatoka wapi, mara nyingi utatajiwa Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, kilipo kiwanda cha Uganda Clays kilichoanzishwa mwaka 1950. Hiyo ndiyo kampuni ya kwanza kuuza hisa zake katika Soko la Hisa la Uganda, Januari 2000. Soko lenyewe lina ofisi zake Nakawa, mwendo mfupi kutoka Naguru.

Mtu aliyechagua kazi ya kuchunguza kampuni ndogo na kuwekeza humo hayatazami mapaa hayo kama mpita njia. Anahesabu. Nyumba mpya zinaezekwa kwa nini? Fundi anamshauri mteja achukue kigae au bati? Makapi ya kahawa, ambayo kiwanda hutumia kuwashia matanuri, yanapatikana kwa bei gani msimu huu? Kisha anarudi kwenye ripoti ya mwaka na kuisoma kuanzia nyuma, kwenye yale maelezo ya hesabu yenye herufi ndogo, kwa sababu huko ndiko madeni yanakoelezwa. Katika Uganda Clays atakuta habari ya kiwanda cha pili, cha Kamonkoli huko mashariki, na mkopo wa zaidi ya shilingi bilioni 11 uliotolewa na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mwaka 2010, ambao riba yake iliilemea kampuni kwa miaka. Atakuta pia kwamba NSSF hiyohiyo, iliyoidai kampuni, ndiyo mwanahisa wake mkubwa kuliko wote.

Hapo ndipo mimi huweka ripoti chini nikafikiri. NSSF ni akiba ya wafanyakazi: asilimia 5 ya mshahara wa mtu, na asilimia 10 anayoongezewa na mwajiri. Karani ambaye hajawahi kufungua akaunti ya hisa maishani mwake ana kipande cha tanuri la Kajjansi bila kujua. Kampuni tunayoiita ndogo ina watu wengi nyuma yake.

Bei yake nayo imewafanya wengi wasiitazame. Hisa ziko milioni 900, na kwa miaka mingi moja imeuzwa chini ya shilingi 30. Zipo siku ambazo haiuzwi hata hisa moja. Ukinunua nyingi, bei inapanda kwa mkono wako mwenyewe. Ukitaka kutoka kwa haraka, unaiangusha. Wachambuzi wengi huona hiyo ni kasoro tu. Mimi naona ina malezi ndani yake. Asiyeweza kutoka kesho asubuhi hulazimika kuuliza leo maswali ambayo mwenye kampuni angeuliza, kwenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na kumsikiliza mzee aliyenunua hisa zake tangu mwaka 2000 akimhoji mwenyekiti kuhusu gawio.

Lakini udogo huo unaleta jaribu ambalo ndilo kiini cha kazi hii. Kampala ni mji wa watu wanaojuana. Mhasibu wa kampuni ni shemeji wa mtu, mkaguzi wa hesabu alisoma Makerere na mtu, na habari inaweza kukufikia mezani kabla sahani hazijaondolewa: robo hii ni mbaya, uza. Sheria inakataza kufanya biashara kwa siri za ndani, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ipo kuisimamia. Hata hivyo, mwaminifu hapaswi kungoja msimamizi. Ukiuza kwa siri hiyo, yupo anayenunua. Kwenye soko la New York hutamjua kamwe. Hapa anaweza kuwa mwalimu wa Mbale aliyejikusanyia kidogokidogo, na mnaweza kukutana kwenye mkutano huohuo wa wanahisa.

Kupata faida kwa kusoma kurasa ambazo kila mtu angeweza kuzisoma ni jasho halali. Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza nguvu za umeme, ilikabidhiwa mkataba wa miaka 20 mwaka 2005. Kila aliyeusoma alijua kwamba Machi 2025 ungekwisha, na alikuwa na muda wa kutosha kujiuliza hisa yake itabaki na thamani gani baada ya hapo. Hakuna aliyehitaji kunong'onezwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa mawakala wa hisa wa mji huu. Kampuni kubwa za simu na mabenki zinaandikiwa uchambuzi kila mara. Hizi ndogo zinapita mwaka mzima bila mtu kuzishughulikia. Ziandikieni nazo, walau mara moja kwa mwaka, kwa Kiganda na Kiswahili pia, na mchapishe uchambuzi huo wazi, ili yule mwalimu wa Mbale ausome siku ileile anayousoma meneja wa mfuko wa uwekezaji.