Motakaa Kuukuu na Haki ya Mpita Njia

Baada ya darasa ya usiku wa Jumatatu, mmoja katika wenzetu, mtu mwenye duka upande wa Majengo, alibaki nyuma mpaka watu wakatawanyika. Kisha akaniuliza swali alilokuwa akilionea haya, kwa kudhani ni dogo mno kuletwa mbele ya mwalimu. Ana motakaa iliyotimia miaka 23. Kwa gari hilo huchukua mizigo ya duka, humpeleka mamake kwa daktari, na kila jioni huwarejesha watoto wa majirani kutoka chuoni. Fundi amemwambia kwamba kulitengeneza kwahitaji shilingi 90,000. Yuko mtu aliye tayari kulinunua kama lilivyo kwa shilingi 260,000, wala haulizi mengi. Na shemeji yake amshauri aliuze, aongeze mkopo, apate jingine. "Shekhe," akasema, "katika mambo haya matatu, lipi lililo jema?"

Nalimwambia nitamjibu katika gazeti letu hili, kwa kuwa wenye swali kama lake ni wengi, na walio wengi katika hao hawaulizi.

Lililonishughulisha katika maneno yake si zile shilingi. Alihesabu sawasawa, kama ahesabuvyo mfanya biashara. Lakini katika hesabu yake aliwataja watu wanne: yeye mwenyewe, fundi, mnunuzi na shemeji yake. Wa tano hakumtaja, naye ndiye mwenye haki iliyo nzito kuliko zao wote: yule apitaye njiani kwa miguu, asiyejua gari hilo ni la nani wala lina ila gani, na ambaye hana fungu lolote katika faida ya biashara hii.

Ama upande wa mali, maneno yake si mengi. Yako makosa mawili ambayo watu wetu huyafanya. La kwanza ni kuihesabu mali iliyokwisha tumika. Mtu husema, "Mwaka huu nimelitia gari hili shilingi laki moja, nitaliachaje?" Laki hiyo imekwenda wala hairudi, alishike gari au aliache, litazamwalo ni lile litakalotakiwa kuanzia leo. La pili ni kuipima gharama ya matengenezo kwa bei ya gari sokoni. Wasema, gari la shilingi 260,000 halistahili kutiwa 90,000. Lakini atakayeliuza itampasa apate kipando kingine. Basi na azipime zile 90,000 kwa gharama ya hicho kingine, kwa mwaka mmoja au miwili ijayo. Na hicho kingine mara nyingi si kipya. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika madhali halijapita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Basi mengi katika yale yashukayo bandarini kwetu yakang'aa ni makuukuu ya watu wengine yaliyooshwa, na ile saa ihesabuyo mwendo wake yaweza kurudishwa nyuma na mkono wa mwanadamu. Kuhusu mkopo wa riba sitarefusha. Wasomaji wetu waijua hukumu yake, na aijuaye kisha akaiingia kwa ajili ya viti vya ngozi na rangi ya fedha, huyo taabu yake si gari.

Sasa nitaeleza jambo lililonipata mimi, nami silielezi kwa kujisifu, kama mtakavyoona. Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa na gari la umri kama huo. Nalijua kwamba breki zake zimechakaa. Kikanyagio kilikuwa kikishuka zaidi kila juma, na fundi alikwisha niambia mara mbili. Mwezi huo palikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yangu, na gari langu ndilo lililotakiwa kumchukua bwana harusi. Fedha nalizokuwa nazo zilitosha jambo moja katika mawili: breki, au rangi. Nikatia rangi. Nalijiambia kwamba breki zitangoja mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba mimi huendesha polepole. Watu wakalisifu gari harusini, nami nikafurahi kusifiwa.

Siku ya nne baada ya harusi nalikuwa nikipita Kibokoni, katika zile njia zetu ambazo magari mawili hayapishani mpaka moja lirudi nyuma. Mtoto wa miaka sita au saba akatoka mbio katika kichochoro akifuata mpira. Nikakanyaga breki, kikanyagio kikaenda mpaka chini, na gari likaendelea. Nikavuta breki ya mkono, nikapinda usukani, nikaligonga baraza la nyumba ya watu. Kati ya gari na mtoto palibaki kama dhiraa moja. Hakuguswa.

Nyanya yake akatoka. Aliniona mimi na kanzu yangu na kilemba, akaliona gari linalong'aa, na baraza lake limemeguka. Akamkamata mtoto mkono, akampiga kofi mbele yangu, kisha akanigeukia na kuniomba radhi. "Tuwie radhi, Shekhe. Watoto wa siku hizi hawasikii. Huyu nimemkataza njia mara ngapi!" Nami nikamwambia, "Si kitu, mama. Mwenyezi Mungu ameleta salama." Nikaliacha gari pale, nikaenda zangu kumtafuta fundi.

Basi tazameni yaliyokusanyika hapo. Mtoto amepigwa kwa kosa langu. Mama mtu mzima ameomba radhi kwa kosa langu. Nami nikaipokea radhi hiyo kana kwamba ni haki yangu, nikasema si kitu, nikalitaja na jina la Mungu juu yake. Siku tatu nalisomesha bila ya kujua nisomeshalo. Siku ya nne nikarudi kwake pamoja na mwashi wa kulitengeneza baraza, nikamwambia wazi kwamba breki zilikuwa mbovu, nami nikijua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mwambie mwenyewe." Akamwita mtoto. Kumwambia mtoto yule kulikuwa kuzito kwangu kuliko hotuba yoyote niliyopata kuitoa.

Ulamaa wamezitenga haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja wake. Katika haki ya Mungu, mja akitubu toba ya kweli hutaraji msamaha. Ama haki ya mja mwenzake haiondoki mpaka mwenyewe alipwe au asamehe. Na katika fiqhi, aliyeua kwa kukosea, asiyekusudia hata chembe, bado ana diya na kafara juu yake. Kukosa nia hakuifuti haki ya aliyedhurika. Lakini mimi, lau mtoto yule angalikufa, je, ningaliweza kusema nalikosea? Sikukusudia kumwua, hilo ni kweli. Nalikusudia kuendesha gari ambalo nalijua halisimami. Kati ya kukosea na kukusudia pana mahali pabaya, mahali ambapo mtu ajua, kisha hujipa muda. Wengi wetu twaishi mahali hapo, na gari ni moja tu katika yatuwekayo. Sheria ya nchi humlazimisha kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya madhara yatakayomfika mtu mwingine barabarani. Ni sheria njema. Lakini bima hulipa fedha. Haimfufui mtoto, wala haimsafishi aliyejua.

Kwa hivyo ila za gari si za namna moja, na swali la kutengeneza au kuacha halina jawabu mpaka zitengwe. Rangi iliyobabuka, kiti kilichochanika, kioo kisichoshuka, hizo ni ila za macho ya watu; mwenye gari akizivumilia, amevumilia yeye. Breki, usukani, magurudumu na taa ni ila za haki ya mwingine. Hizi hazingoji mwisho wa mwezi. Na baadhi yake hazionekani. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakisha kufyonza huchemka upesi breki zipatapo moto, na kikanyagio kikawa kama hakina kitu chini yake. Ndiyo sababu mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila miaka 2 hivi. Mpira wa gurudumu nao huzeeka hata kama meno yake hayajaisha. Ubavuni mwake pana tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka uliotengenezwa: 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Ni wangapi kati yetu waliopata kuinama wakazisoma?

Wazee wetu wenye majahazi waliyajua haya bila ya kitabu. Chombo kilipandishwa pwani, kikatiwa kalafati, kikapakwa shahamu na chokaa, ubao uliooza ukatolewa ukatiwa mwingine, na chombo kikadumu miaka mingi. Nahodha hakuonewa haya kwa sababu jahazi lake lina viraka. Lakini mkuku ukioza, hapana kiraka. Na gari lina mkuku wake, nao ni kile chuma cha chini kinachobeba injini na magurudumu na watu. Hewa yetu hii ina chumvi na unyevu, na viwili hivyo hukiharakishia chuma kutu. Basi kilichochakaa kikiwa ni kiungo kibadilishwacho, kutengeneza ni jambo la akili na la kuihifadhi mali. Ukiwa umeoza mkuku, rangi ni udanganyifu.

Najua nitakayoambiwa. "Shekhe, wewe wasema hayo, na huyu maskini mwenye tukutuku watoto wake wala kwa gari hilo hilo bovu. Asipotoka leo, hawali leo." Neno hili si dogo, wala silijibu kwa wepesi. Dharura humhalalishia mtu nyamafu ili aokoe nafsi yake. Lakini dharura haimpi haki ya mwingine, wala dhara haiondolewi kwa dhara iliyo kama yake. Hawezi kuwalisha wanawe kwa kuwaweka hatarini wana wa wenziwe. Ila hukumu hii haimwangukii yeye peke yake. Katika mtaa ambao watu huchanga kwa siku mbili fedha za biriani ya kulisha mia tano, je, hatuwezi kumkopesha mtu huyu bei ya breki, kardhi hasana, alipe kidogo kidogo? Tusipomkopesha, nasi tumo garini pamoja naye.

Ama kuuza. Yajulikana khabari ya mwenye nafaka katika soko la Madina: Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo, akakuta umajimaji chini, akamkemea kwa kuficha na kumtaka aweke juu kilicho chini, watu wakione. Kutu iliyopakwa rangi ni nafaka ile ile. Husemwa, "Mnunuzi hakuuliza." Kutouliza kwake si ruhusa, pengine hakuuliza kwa kuwa hajui la kuuliza, au kwa kuwa alikiona kilemba chako akaona haya. Na auzaye gari bovu kwa asiyejua hakuiondoa ila yake. Ameihamisha kutoka njia ya Kibokoni kwenda njia ya Kilifi, kwa watoto wasiomjua.

Gari langu lile nalilitia breki, nikalitumia miaka minne mingine, na rangi yake ya harusi ikababuka. Kisha fundi akaniambia chuma cha chini kimeliwa na kutu. Akaniambia pia kwamba bati likichomelewa na kupakwa lami, hapana atakayeona, na shilingi 200,000 zitapatikana. Mwanangu mkubwa akasema kila mtu hufanya hivyo. Nalimwuzia mtu avunjaye magari kwa ajili ya spea, kwa shilingi 60,000, tukaandikiana kwamba halirudi barabarani. Miezi kumi na moja nalikwenda kwa miguu na kwa matatu. Haikuwa raha, na mwanangu hakunyamaza.

Na huyu ndugu yetu wa Majengo, kabla sijaandika haya nalimtaka arudi kwa fundi aulize mambo mawili: chuma cha chini kikoje, na zile 90,000 ni za nini na nini. Amerudi na karatasi. Chini kuzima. Breki, magurudumu mawili na kiungo kimoja cha usukani ni shilingi 38,000. Zilizobaki, 52,000, ni za rangi na viti. Jawabu langu ni kwamba atoe zile 38,000 juma hili, na ikiwa hazimo dukani, aje tuzungumze baada ya Isha. Rangi atajua mwenyewe na shemeji yake. Na wale watoto wa majirani, mpaka kazi ya breki itakapokwisha, warudi kwa miguu.