Toka Nje ya Hema



Vijana wenzangu, wengi mmeniuliza huwa napigaje picha za nyota. Leo najibu, halafu twende pamoja mpaka kwa Abramu.

Kama ndiyo unaanza, tafuta lenzi pana, ya milimita 14 hadi 24. Weka kamera kwenye stendi, isitikisike. Fungua tundu la lenzi, kama f/2.8 hivi, ISO anza na 1600 au 3200. Fokasi usiiachie kamera. Ikaze mwenyewe kwa kutazama nyota moja kali. Chagua usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji.

Kwa nini lenzi pana? Kwa sababu dunia inazunguka, nyota zinaonekana kusogea. Wapigapicha wana kanuni rahisi: gawanya 500 kwa milimita za lenzi, unapata sekunde za kuacha kamera wazi. Lenzi ya 20 inakupa sekunde 25. Lenzi ya 100, ile ya kuvuta karibu, inakupa 5 tu; ukizidisha, nyota zinageuka michirizi. (Kamera yenye sensa ndogo, punguza zaidi.) Anga ni lile lile. Ila ukivuta karibu, mwendo mdogo unaonekana mkubwa, na mwanga unaopokea ni kidogo.

Sasa fungua Mwanzo 15. Ndani ya hema Abramu ana jambo moja tu machoni: sina mtoto, mtumishi wangu ndiye atakayenirithi. Mungu hamkemei. Anamtoa nje, anamwambia atazame juu azihesabu nyota kama anaweza. Na usiku ule Abramu hakupata mtoto! Isaka alizaliwa miaka mingi baadaye, baba yake akiwa na miaka 100. Kilichobadilika usiku ule ni kwamba aliamini.

Na wewe je? Matokeo ya kidato cha sita, kazi isiyopatikana, uchumba uliovunjika. Umelivuta jambo hilo karibu mpaka limejaa picha nzima. Ukisali, sekunde tano tu, kila kitu ukungu, na unahitimisha: Mungu amenisahau.

Sisemi tatizo lako ni dogo. Tena anayetumia lenzi pana hushauriwa aweke kitu cha karibu mbele ya anga: mbuyu, nyumba, msalaba wa kigango. Bila hicho picha inakuwa tupu. Basi, tatizo lako libaki kwenye picha, lakini lisimame chini ya anga. Abramu naye alitoka nje na shida yake, hakuiacha hemani.

Zoezi la wiki hii: usiku mmoja toka nje, hata uani. Simu iache ndani, maana macho huhitaji kama dakika 20 kuzoea giza, na mwanga wa simu unakurudisha mwanzo. Mtajie Mungu jambo lako mara moja tu. Kisha nyamaza, tazama juu, hadi nyota ambazo hukuziona mwanzoni zianze kujitokeza. Hazijafika sasa hivi, zilikuwepo.

Tuombe: Ee Bwana, ututoe nje ya mahema yetu. Utupe utulivu wa kukungoja gizani, tuamini kabla ya kuona. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri