Nipe Mji, Mume Wangu

Yapo mambo madogo ya nyumbani ambayo yakitazamwa vizuri huonyesha jinsi mume na mke wanavyoishi. Mojawapo ni lile fumbo la maneno la gazetini, vile visanduku vyeupe na vyeusi ambavyo mtu hujaza herufi kwenda kulia na kwenda chini. Wengi huliita chemsha bongo. Swali letu la leo ni hili: mtu akisaidiwa kulifumbua, je, amelifumbua yeye? Na mwenzi wa ndoa amsaidieje bila kumvunjia heshima?

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Garsen. Jioni mume anarudi na gazeti, anapewa chai, anashika kalamu. Mke yuko karibu naye, anachagua mchele kwenye ungo. Mume anasoma kidokezo cha kwanza kwenda kulia: "Chombo cha majini kinachochongwa, herufi 7." Yeye alilelewa Malindi, karibu na bahari, kwa hiyo anaandika NGALAWA bila kusita. Herufi zinaenea sawasawa. Kisha anashuka chini kuanzia ile N: "Mti wa matunda, herufi 6." Hapo anakwama. Anafikiria nanasi. Herufi ni 6, tena linaanza kwa N, lakini nanasi ni tunda, si mti. Anakunja uso. Anamwuliza jirani aliye nje, anampigia simu rafiki yake, na chai inapoa.

Mke amezaliwa kando ya mto Tana. Tangu kidokezo kiliposomwa amejua kwamba jibu ni MTUMBWI, neno ambalo nalo lina herufi 7. Na chini ya M unasimama MWEMBE, mti ulioenea kwenye kingo za mto huo. Anajua, lakini hajaulizwa.

Hatari mbili

Katika nyumba hiyo zipo hatari mbili. Ya kwanza ni ya mume. Yuko tayari kumwuliza kila mtu isipokuwa yule aliyekaa naye karibu. Kwa nini? Mara nyingi si kwa kumdharau. Anaogopa kwamba akionekana hajui jambo mbele ya mkewe, atapungua. Jirani akijua kwamba ameshindwa, hilo litasahauliwa kesho. Mke akijua, anadhani litabaki nyumbani miaka yote.

Hatari ya pili ni ya mke. Anaweza kunyoosha mkono, akachukua kalamu na kusema, "Hata hili limekushinda?" Jibu lake litakuwa la kweli, lakini atakuwa amempokonya mwenzake kitu alichokuwa akikitafuta. Raha ya fumbo ni kutafuta. Anayemwaga majibu yote mbele ya mtu ambaye hakuomba hajamsaidia bado.

Tujifunze kwa kitendawili

Fumbo la visanduku si la zamani sana. Lilitokea katika gazeti la New York World huko Marekani tarehe 21 Desemba 1913, na mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Wazee wetu walikuwa na mchezo wao wa kutegeana, nao ulikuwa na adabu nzuri kuhusu msaada. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine huitikia, "Tega!" Hujaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakishindwa, mtegaji husema, "Nipe mji." Basi hupewa Lamu, au Mombasa, au hata Garsen yenyewe. Huupokea mji, hujisifu kidogo jinsi alivyokaribishwa huko, kisha hutoa jibu.

Tazameni hekima iliyomo. Mtegaji hatoi jibu kabla wenzake hawajajaribu. Na aliyeshindwa haombi kama maskini, kwa maana anatoa zawadi ya mji mzima! Kusema "sijui" kumegeuzwa kuwa ukarimu. Tena zamu hubadilika, na aliyetoa mji sasa hivi atapokea mwingine baadaye.

Wako watakaosema kwamba jibu la kusaidiwa si jibu lako. Walitazame fumbo lenyewe. Hakuna neno linalosimama peke yake ndani yake. MWEMBE unapata M yake kutoka kwa MTUMBWI, na hakuna anayesema kwamba mwembe huo ni nusu ya mti. Neno la kulia humsaidia la chini, na la chini humsahihisha la kulia. Ile N iliyokataa kuzaa mti ilikuwa ikimwambia mume kwamba kosa liko juu, katika neno aliloliandika kwa uhakika mkubwa. Ni hivyo hivyo katika ndoa. Mara nyingi tunahangaika na jambo la leo, kumbe kosa liko katika jambo la jana tuliloliona limekwisha.

Msaada ulio bora

Basi mke afanyeje? Asinyamaze kwa kinyongo, wala asinyakue kalamu. Aulize swali moja tu: "Baba watoto, ni mti gani unaoanza kwa N?" Mume atafikiri. Mwembe, mnazi, mpera, mchungwa: yote inaanza kwa M. Ataitazama upya ngalawa yake, ataifuta mwenyewe, na furaha ya kuuona mtumbwi itakuwa yao wawili.

Na mume afanyeje? Ajifunze kutoa mji mapema. "Mama watoto, hapa nimeshindwa, nakupa Malindi." Maneno hayo hayampunguzii mwanamume kitu. Na kesho yake, akijisifu kwa wenzake kwamba amelimaliza fumbo, aseme wazi, "Tulilimaliza na mke wangu." Anayeficha msaada aliopewa anadanganya, hata kama majibu yote ni sahihi. Na pakiwa na zawadi kwa mshindi, kanuni za shindano zifuatwe.

Siku hizi simu pia hutoa majibu, na haidai mji. Si vibaya kuitumia. Ila simu haifurahi pamoja nawe, wala haitakuuliza kesho uisaidie. Aliyezoea kuuliza simu tu hukosa nafasi ya kujua kwamba mwenzake ana akili kiasi gani. Mke wa mfano wetu angeweza kukaa miaka 20 na elimu yake yote ya mto bila mtu nyumbani kuijua.

Majibu ya fumbo huchapishwa katika gazeti la baadaye. Lakini watu wa Tana River wanajua kwamba gazeti la kesho huenda lisifike. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na tena yale ya mwisho wa 2023, yalikata barabara za sehemu hizo. Siku kama hiyo hakuna wa kuuliza ila aliye nyumbani. Ni vema awe amekwisha kuzoea kuulizwa.

Basi, wapendwa, jioni ya leo mkilifungua gazeti, sogezeni viti karibu. Anayekwama atoe mji, na anayejua aupokee kwa upole.