Eliya Alipewa Usingizi, Mkate na Maji

Somo: 1 Wafalme 19:3–8

Nawaandikia ninyi mlio hapa Banissa na wale wetu walio kazini Takaba, Rhamu na Mandera mjini. Jumapili tulijifunza habari za Eliya chini ya mretemu. Wengi mmeniomba niiandike kwa ajili ya walinzi, wauguzi na madereva ambao walikuwa zamu.

Angalieni huyu mtu. Katika sura ya 18 ameshusha moto Karmeli, na mkono wa Bwana ukiwa juu yake amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Geuza ukurasa mmoja tu. Yuko jangwani, amechoka, anaomba afe. Ni mtu yule yule, na upako ni ule ule. Wacha nikwambie, mpendwa: upako wa jana haufuti usingizi wa leo.

Sasa, Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea kwamba amepoa kiroho. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale kwa sababu safari iliyo mbele ni kubwa. Kwa nguvu ya chakula kile akatembea siku arobaini hadi Horebu. Sisi watu wa jangwa tunaelewa. Kivuli, chakula, maji, usingizi. Hiyo ndiyo dawa aliyoandikiwa nabii.

Lakini siku hizi tumepata dawa nyingine. Katika kesha lililopita, saa nane usiku, kijana wetu mmoja wa kwaya alianza kutetemeka mikono, jasho linamtoka, macho yamemtoka, anasema moyo unataka kuruka nje. Wengine wakaanza kukemea pepo. Nikawaambia, tutaombea kwenye gari, leteni gari. Hospitalini muuguzi alimuuliza swali moja tu: umekunywa nini? Vidonge vitatu vya kafeini, kila kimoja miligramu 200, na mikebe miwili mikubwa ya vile vinywaji vya enaji. Alitaka akeshe bila kusinzia mbele za Bwana. Tunamshukuru Mungu, yuko mzima, na amenikubalia niwaambie bila kumtaja jina.

Hebu tupige hesabu, maana kanisa la Mungu si la watu wasiojua hesabu. Vidonge vitatu ni miligramu 600. Mkebe wa nusu lita wa enaji huwa na karibu miligramu 160, kwa hiyo miwili ni 320. Jumla ni 920. Wataalamu wanasema mtu mzima mwenye afya asipitishe 400 kwa siku nzima, na mama mjamzito asipitishe 200. Kijana wetu alimaliza zaidi ya siku mbili kwa usiku mmoja.

Na kuna kitu kikali kuliko vidonge: poda yenyewe ya kafeini, inayoagizwa kwa simu. Kijiko kimoja cha chai cha poda hiyo kina kafeini ya vikombe 28 hivi vya kahawa. Kipimo cha miligramu 200 ni sehemu moja ya kumi na sita ya kijiko. Nani kati yetu ana jicho la kupima hivyo? Kuanzia miligramu 1,200 ikiingia kwa haraka, mtu anaweza kupata degedege, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mwaka 2014 vijana wawili Marekani, wazima kabisa, walifariki kwa poda hiyo. Aprili 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya huko ikatangaza kwamba kuwauzia watu poda safi au maji makali ya kafeini kwa wingi ni kinyume cha sheria.

Si ati nahubiri kahawa ni dhambi. Kahawa ni mtoto wa jirani, kwao ni Ethiopia, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Majirani zetu Waborana wana buna, matunda ya kahawa yaliyokaangwa kwa samli, na wazee hutoa baraka juu yake. Kahawa ni ya moto, ni chungu, unainywa polepole na watu, na tumbo lenyewe likishiba linakuambia basi. Mungu aliweka lango. Poda na kidonge vimeruka lango, vinaingia ndani kabla mwili haujapata nafasi ya kukataa.

Tena mjue inavyofanya kazi. Mwili ukichoka hutengeneza kitu kinaitwa adenosini, ambacho huambia ubongo, lala sasa. Kafeini inakuja na kukaa kwenye kiti chake. Uchovu haujaondoka, umezuiwa mlangoni tu. Haijakuongezea nguvu, imekukopesha, na deni litalipwa. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, ikifika saa tano usiku karibu nusu bado imo mwilini. Kwa hiyo unalala vibaya, unaamka umechoka, unakunywa tena. Huo ni utumwa, hata kama hauna moshi wala harufu ya pombe. Tusiwanyooshee kidole wanaotafuna jaba huku sisi tuna handasi yetu ya mkebe. Na wale wanaochanganya vyote viwili, nawasihi: miraa ina kemikali yake nyingine, nayo pia inasukuma moyo na presha. Moyo ni mmoja, usiupandishie madereva wawili.

Najua mtu atasema, “Pastor, Yesu mwenyewe alisema tukeshe!” Amen, alisema. Lakini pale Gethsemane alipowakuta wanafunzi wamelala, alitambua kwamba roho iko tayari ila mwili ni dhaifu, akawaelekeza kwenye maombi. Na yeye mwenyewe, kwenye Marko 4, alilala ndani ya chombo katikati ya dhoruba. Eutiko alisinzia Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka dirishani. Paulo hakumtangaza kuwa amerudi nyuma. Alishuka akamkumbatia.

Kwa hiyo wazee wa kanisa na mimi tumekubaliana. Kuanzia Ijumaa hii kesha litaisha saa sita usiku, na kesha la mpaka asubuhi litakuwa mara moja kwa mwezi. Nyuma kutakuwa na mikeka, uji na maji. Atakayesinzia asiamshwe kwa aibu. Anayetoka zamu ya usiku, au anayeendesha gari asubuhi, aombe nyumbani kisha alale, na tutamhesabu yuko nasi.

Wewe unayetumia vidonge kila siku, usikate ghafla, kichwa kitakuuma sana. Punguza kidogo kidogo. Mwenye presha, shida ya moyo au mimba, ongea na daktari wiki hii. Wanafunzi wa mtihani, kitabu kinaingia kwa kichwa kilicholala. Wazazi, fungueni mifuko ya watoto. Na ukiona mtu anatapika, moyo unaenda mbio, amechanganyikiwa au anapata degedege, mkimbize hospitali na ubebe pakiti ya alichokunywa. Maombi na hospitali havigombani.

Moto wa Roho Mtakatifu hauuzwi dukani. Ukihitaji kidonge ili usikie uwepo wa Mungu, unachosikia ni kidonge. Zaburi ya 121 inatuambia anayetulinda hasinzii wala halali. Kama Yeye yuko macho, basi mlinzi aliyemaliza zamu, mama aliyelala na mtoto, dereva aliyefika salama, wana ruhusa ya kufumba macho.

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipouendesha mwili huu kama punda wa kukodi. Wape waliochoka usingizi wao. Walinde walio zamu usiku huu, na utuamshe asubuhi tukiwa na nguvu ya safari. Katika jina la Yesu. Amen.