Nani Mwenye Haki ya Kusema Basi?

Mie ni mtoto wa Muungano, na sisemi hivi kwa kujitapa. Baba ni mtu wa Jang'ombe, kwao hapa hapa tangu babu. Mama ni Mluguru. Alikuja Unguja kwa boti kumtazama dada yake aliyejifungua, akaposwa, akabaki. Asubuhi anachoma chapati mlangoni petu na nusu ya mtaa inakula kwake, wengine kwa mkopo.

Wakati wa kampeni za 2020 tulikuwa tumekaa barazani, kahawa inapita, siasa ndiyo kashata yake. Mmoja wetu, rafiki yangu khasa, mshabiki wa ACT-Wazalendo, akasema: "Siku tukipata mamlaka kamili, Wabara wote tunawapakia boti." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mkononi nilikuwa na chapati ya mama.

Kicheko kile kimenikaa rohoni mpaka leo, na ndicho kinachonifanya niulize: hivi kutaka kujitawala ni haki au ni dhambi? Na kama ni haki, ya nani?

Wa upande wa pili nao wana maskani yao, na jibu lao ni fupi: anayeugusa Muungano ni msaliti. Jibu hili silikubali. Nyerere na Karume waliunganisha nchi zao Aprili 1964, hata miezi minne haijatimia tangu Mapinduzi, na wananchi hawakupigishwa kura, si huku wala Tanganyika. Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Yameongezwa mpaka orodha ikafika 22. Mtu akiuliza yameongezwaje, huyo ni msaliti au ni mtu anayejua kuhesabu? Tena tazama usaliti wenyewe unavyobadilika. Januari 1984 Mzee Aboud Jumbe alitaka muundo wa serikali tatu. Mambo yakamgeukia kwenye kikao cha chama Dodoma, akaupoteza urais wa Zanzibar. Desemba 2013 Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa na serikali yenyewe, ikaandika serikali tatu zile zile katika rasimu ya katiba. Bunge Maalumu lilizikataa mwaka 2014, lakini zilijadiliwa mchana kweupe. Dhambi gani hii inayokwisha muda wake kama leseni?

CUF ilizaliwa mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, na sauti yake huku visiwani ilikuwa ya Maalim Seif Sharif Hamad, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi na kisha mahabusu. Matokeo ya 1995 yalitangazwa asilimia 50.2 kwa Dk. Salmin Amour na 49.8 kwa Maalim. Nusu kwa nusu, yakhe! Ukiwaita nusu ya watu wasaliti, nchi unabaki nayo na nani? Gharama yake tumeiona: tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi, na watu wakavuka bahari kutoka Pemba mpaka Shimoni, Kenya. Maalim alihamia ACT-Wazalendo mwaka 2019, akafariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, ndani ya serikali ile ile aliyobishana nayo umri mzima. Madai hayakuzikwa naye.

Basi haki ipo. Ila hapa ndipo kichwa kinaponiuma.

Mwalimu Nyerere alionya kwamba Wazanzibari wakijitenga na Bara watagundua kuwa kumbe wao nao si wamoja, kuna Wapemba na kuna Waunguja. Sie vijana hatuipendi hoja hii, tunaiona ya kututisha. Lakini mwaka 2008 wazee kadhaa wa Pemba waliupelekea Umoja wa Mataifa barua wakitaka Pemba iwe na serikali yake, na baadhi yao wakakamatwa. Nawauliza wenzangu wa mamlaka kamili: mzee wa Wete akisema Unguja inamwonea, mtamjibu nini? Mtamwita msaliti? Basi mmevaa kanzu ile ile ya Dodoma.

Na Nyerere huyo huyo, Aprili 1968, aliitambua Biafra iliyokuwa imejitenga na Nigeria, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba umoja husimama kwa ridhaa ya watu wenyewe, na watu wasiokuwa na usalama ndani yake huwezi kuwarudisha kwa bunduki. Wapo wanaomcheka kwa kigeugeu. Mie simcheki. Naona alishika maswali mawili mazito ambayo hayakai vizuri pamoja: unaondoka kwa sababu gani, na ukishaondoka, walio dhaifu ndani ya nyumba yako unawafanyaje.

Wanasema Mzee Karume aliufananisha Muungano na koti, likikubana unalivua. Barazani mfano huu unapendwa mno. Lakini koti halizai, bwana. Hili letu limekaa mwilini zaidi ya miaka 60 na limezaa: limenizaa mie, limezaa watoto wa Kipemba wanaokulia Kariakoo juu ya maduka ya baba zao na Pemba wanaijua kwa likizo tu. Siku ya kulivua nani anaulizwa? Kura ya maoni nataka ipigwe, maana juu ya jambo hili haijapigwa hata mara moja. Na mama, aliyekaa hapa zaidi ya miaka 25, awemo kwenye daftari. Mamlaka kamili nitayapigia kura ya ndiyo. Boti sitoipigia.

Rahisi kuandika. Siku ile barazani, maneno haya yalikuwa wapi?

Nilimsimulia mama usiku ule. Sikumwambia kuwa nilicheka. Hakuhamaki, aliuliza tu ni nani kasema, na nilipomtaja akalifungua daftari lake la madeni, akatazama, akalifunga. Asubuhi yule bwana alikuja, akachukua mbili, akaandikiwa. Mpaka leo ndiye anayesoma kila ninachoandika kabla sijakipeleka popote. Haya nimempa jana. Sasa saa nne, chapati zinakwisha, na bado hajatokea.