Ahadi na Mwenye Kudai

Kitenzi cha Kiingereza "promise" kina asili ya Kilatini, promittere, yaani kutuma mbele, na kwa Kiswahili husemwa "kuahidi". Kamusi nyingi humaliza kazi kwa kusema ni kumweleza mtu kwamba utamtendea jambo. Maelezo hayo hayatoshi. Anayesema "kesho nitakwenda sokoni" ametoa habari za nia yake tu, na akighairi hajamkosea mtu. Anayesema "nakuahidi, kesho nitakuletea dawa" akighairi, yupo mtu mwenye haki ya kumwuliza kulikoni. Wajibu huo haukuwepo dakika moja kabla ya maneno kutamkwa. Umetoka wapi?

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilikabili swali hili katika A Treatise of Human Nature, kitabu kilichotoka kati ya 1739 na 1740. Kwake ilikuwa ajabu kwamba mtu aweze kujiumbia wajibu kwa kutaka tu uwepo. Kwa kejeli kidogo aliifananisha ahadi na imani ya Kikatoliki kwamba mkate na divai hugeuka mwili na damu, na pia na upadrisho: kote huko maneno yenye nia fulani husemekana kubadili hali ya kitu. Jibu lake ni kwamba ahadi ni desturi iliyobuniwa na watu kwa manufaa yao. Alitoa mfano wa wakulima wawili ambao mazao yao hukomaa kwa siku tofauti. Kila mmoja anahitaji mkono wa mwenzake, lakini anayesaidiwa kwanza hana kinachomlazimisha kurudisha. Mahali penye ujima mfano huo hauhitaji kuelezwa.

Immanuel Kant, mwaka 1785, alipita njia nyingine. Mtu aliyebanwa na shida anakopa fedha na kuahidi kulipa, huku akijua hatalipa. Kant asema kama kila aliyebanwa angefanya hivyo, hakuna ambaye angeamini ahadi tena, na hila yenyewe ingekosa pa kusimama. Hoja ni kali, ila inamkamata mwongo. Haielezi sana kilichotokea pale mtu mkweli alipofungua kinywa.

Hapo ndipo J. L. Austin wa Oxford alipotia mkazo. Katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba yapo maneno ambayo kuyasema ni kutenda. "Nakuahidi" haitoi taarifa ya tendo lililofanyika mahali pengine moyoni; ndiyo tendo lenyewe. Ukibadilisha nafsi au wakati, nguvu hiyo hupotea: "alimwahidi" ni habari, na "nitakuahidi" bado si chochote. Kwa Austin, anayeahidi bila nia ya kutimiza amefanya tendo lenye dosari, lakini amelifanya, na hawezi kujitetea kwamba moyo wake haukuwamo.

Hata hivyo kitenzi chenyewe si lazima kitamkwe. Wiki moja kabla ya Idi, fundi cherehani amevaa futi shingoni, anaandika vipimo vya kanzu kwenye daftari lililochakaa, anapokea nusu ya fedha na kusema, "Njoo Alhamisi." Hakusema anaahidi, na huenda yeye na mteja wote wanajua Alhamisi ya mafundi ni siku ndefu. Ahadi imepita hata hivyo. Dalili yake ni kwamba mteja, na yeye peke yake, anaweza kuifuta: akisema "haina haraka, hata baada ya Idi", fundi yuko huru. Jirani anayesikiliza hawezi kumwachilia fundi, na fundi hawezi kujiachilia mwenyewe.

Uwezo huo wa kusamehe ndio kiini cha ahadi, na methali ya Kiswahili imeugusa kwa maneno matatu: ahadi ni deni. Haisemi tu kwamba ahadi ni nzito. Deni lina mdai, na mdai akitaka husamehe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyotokana na sheria ya India ya mwaka 1872, nayo inaelekea huko: pendekezo huwa ahadi pale tu upande wa pili unapolikubali.

Kwa kipimo hicho, maneno ambayo kamusi huyapanga kama visawe huachana njia. Kutisha ndiko huachana upesi zaidi. Kwa Kiingereza mtu aweza "kuahidi" kwamba mwenzake atajuta, lakini John Searle, katika Speech Acts ya 1969, alieleza kwamba ahadi ni ya jambo ambalo anayeahidiwa analitaka. Hakuna anayedai atimiziwe kipigo. Kudhamini humwingiza mtu wa tatu: mdhamini hujifunga kwa deni ambalo mwingine ameshindwa kulilipa.

Kuapa ni jambo zito zaidi, kwa kuwa Mungu huitwa awe shahidi. Katika Mathayo 5 Yesu anawakataza wanafunzi wake kuapa kabisa, na Wakweka wa Uingereza waliishika amri hiyo hadi wakafungwa. Sheria ya kuwaruhusu kuthibitisha badala ya kuapa ilikuja karibu na mwisho wa karne ya 17. Uislamu unaruhusu kiapo na kuweka kafara kwa anayekivunja. Surat al-Maida, aya ya 89, inataja kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Chakula hicho kinakwenda kwa maskini, si kwa aliyeapiwa. Hesabu ya kiapo inafungwa na Mungu, hata kama hesabu ya ahadi bado iko wazi kwa binadamu.

Nadhiri huwekewa Mungu moja kwa moja, na hapo kusamehewa huwa kugumu. Yeftha, katika Waamuzi 11, aliweka nadhiri ya kutoa sadaka chochote kitakachotoka kumlaki akirudi vitani, akatoka binti yake wa pekee. Wafasiri wa kale wa Kiyahudi hawakumsifu kwa uaminifu. Walisema angemwendea kuhani mkuu Finehasi, ambaye angeweza kuitangua nadhiri, lakini kila mmoja alijiona mkubwa mno kumfuata mwenzake, na binti akapotea kati ya viburi viwili.

Panapobaki pagumu ni ahadi aliyopewa mtu ambaye sasa amekufa. Mwana amemwahidi mama yake aliye mahututi kwamba hatauza shamba la minazi. Miaka inapita, shamba halizai, na watoto wanahitaji ada. Kwa T. M. Scanlon wa Marekani, aliyeandika mwaka 1998, wajibu wa ahadi hutokana na uhakika alioachiwa mtu mwingine. Lakini marehemu hana tena kitu anachokitegemea. Msimamo wa deni nao una mashaka yake. Deni la fedha hurithiwa, na warithi wakitaka hulisamehe. Ndugu zake mwana huyu wanaweza kukaa kikao na kukubali shamba liuzwe, lakini walichokisamehe ni sehemu yao ya urithi. Ahadi haikutolewa kwao, na aliyepewa hayupo wa kuulizwa.