Kumfuga Kinyonga: Huruma Bila Ilimu

Mas'ala ya kumfuga mnyama kwa kumtazama tu si mapya. Imesimuliwa katika Hadithi habari ya Abu Umair, nduguye Anas, aliyekuwa mtoto mdogo mwenye ndege wa kuchezea, wala Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Tena imesimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhi. Kwa habari hizi mbili yajulikana kuwa kufuga kwenyewe si dhambi. Dhambi ni kumziba mnyama njia ya riziki yake, khalafu usimpe badala yake.

Basi na tulipime kwa mizani hiyo jambo la kinyonga. Huko Ulaya na Marekani watu humnunua wakamweka chumbani katika tundu, na kinyonga wa pembe tatu wa milima yetu ya Kenya ni miongoni mwa wapendwao. Mtu humwekea maji katika kibakuli, naye huweza kufa kwa kiu kando yake. Kwani kinyonga hunywa matone ya umande na mvua yaliyo majanini, na maji yaliyotulia aghalabu hayatambui. Hula wadudu walio hai. Hutaka jua, na akilikosa mifupa yake hulainika. Huyu wa milimani hutaka pia baridi ya usiku. Na hukaa peke yake: ukimtilia mwenziwe ukidhani wataliwazana, umewatia dhiki wote wawili.

Zaidi ya hayo, hana sauti ya kushitaki. Paka mwenye njaa hulia, na mbuzi mwenye kiu hulia. Kinyonga akidhikika huenda akageuka rangi akawa mweusi, na mwenye nyumba akawaita wageni waje waone ajabu. Sisi twamfanya mfano wa mnafiki, twamwita kigeugeu. Kumbe rangi yake ndiyo kauli yake ya kweli!

Atasema mtu: "Nikishindwa nitamwachilia." Na ayatazame yaliyotokea Hawaii. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu aliletewa vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda kwa safari, naye akawaacha bustanini wapate nguvu. Wakatoka, wakazaana, na leo wameenea katika visiwa kadhaa, wakila wadudu na konokono wa asili wa huko, ambao baadhi yao hawapatikani penginepo duniani. Huruma ilikuwapo, kilichokosekana ni ilimu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatusemi kuwa kumfuga ni haramu kwa kila mtu. Twasema kwamba asiyejua kiumbe huyu atakunywaje, jua atalipata wapi, na rangi yake yasema nini, hana haki ya kumfungia, hata akiwa na moyo mwema. Nasi tulio naye katika nchi moja tuna njia nyepesi zaidi: tumwache juu ya kijiti chake, tukamtazame huko huko.